Barua Kumi na Moja Kutoka Molo

Jumamosi ile Chelimo alifika kwangu, kijijini Ziwa, saa tisa mchana, na nilipomwekea ugali na mboga akaisukuma sahani taratibu kwa vidole viwili.

"Nimekula, Kogo. Nilipitia kwa Kukhu."

"Kwa nani?"

"Kwa Kukhu Nasike, kule Munyaka. Alinipikia samaki."

Samaki. Mtoto wetu aliyekuzwa kwa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ameshiba samaki. Nikaifunika sahani yake kwa sahani nyingine, nikaketi.

Chelimo ni mjukuu wangu, mtoto wa kwanza wa mwanangu Joseph. Nilimlea tangu alipokuwa na mwaka mmoja, mama yake alipopelekwa kufundisha mbali, na neno Kogo, yaani nyanya, alilijua kabla hajaweza kutamka jina lake mwenyewe. Sasa alikuwa amepata mwingine wa kumwita Kukhu, ambalo ni neno lilo hilo kwa Kibukusu. Alilitamka vizuri, na kh yake yote. Mtu hajifunzi kutamka vizuri hivyo kwa siku moja. Nikajua ameenda huko mara nyingi.

"Unafanya nini kwa Nasike?"

Akatoa daftari kwenye mkoba, macho yakang'aa. Wakati huo alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kipya kule Kesses, akisoma historia, na alikuwa ameambiwa aandike juu ya maisha ya familia za vibarua katika mashamba ya wazungu hapa Uasin Gishu kabla ya Uhuru. Mwalimu wake, Dakta Gathogo, alikuwa mkali. Hakutaka wanafunzi wamletee mambo waliyonakili vitabuni. Alitaka kitu kilichoandikwa wakati ule ule, na mtu aliyekuwa pale pale: barua, picha, daftari, cheti cha kazi.

"Anaviita vyanzo vya msingi," Chelimo akasema. "Na Kukhu anavyo, Kogo! Mume wake alikuwa karani wa shamba. Ana daftari la posho la mwaka hamsini na tatu. Ana picha ya akina mama wamesimama mbele ya stoo. Vyote viko kwa faili, amevifunga na nailoni, kila karatasi imenyooka kama imepigwa pasi. Nitamweka ukurasa wa mbele, pale unamtaja mtu aliyekusaidia kuliko wote."

"Na mimi je?"

"Wewe? Wewe utanisimulia, Kogo. Lakini masimulizi ni ya leo. Dakta anataka karatasi ya wakati ule."

Alisema hivyo bila ubaya. Kisha, kwa sababu aliona uso wangu, akafunua ile sahani akala mboga vijiko vitatu. Nilimwona akimeza kwa shida juu ya ule samaki. Huyo mtoto ana moyo mzuri, lakini vijiko vitatu havikunitosha.

Mwaka ule ndio tuliopiga kura ya mlolongo, watu wakisimama nyuma ya mtu wanayemtaka, mbele ya macho ya kila mtu. Nilikuwa namwona Chelimo amesimama nyuma ya Nasike, na nyuma yangu hakuna mtu, ni nyasi tu.

"Nina barua," nikasema.

Akaacha kutafuna.

"Barua gani?"

"Za babu yako. Alipokuwa Molo. Kumi na moja."

"Za mwaka gani, Kogo?"

"Hamsini na nne mpaka hamsini na saba."

Akainuka, akanishika mabega yote mawili. "Kogo! Na umenyamaza wakati huu wote? Babu mwenyewe, kwa mkono wake? Hiyo inashinda daftari la posho!"

Inashinda. Neno hilo nililala nalo wiki nzima. Alitaka kuziona saa ile ile, lakini nikamwambia nitazitafuta, aje Jumamosi ijayo. Kazi yake ilitakiwa kufika kwa Dakta mwisho wa mwezi, kwa hiyo muda ulikuwepo. Sikutaka aone kitu changu kabla sijakitengeneza.

Lazima nieleze habari ya barua hizo na Nasike, la sivyo mambo yaliyofuata hayatakaa vizuri.

Mume wangu Kipkorir alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mzungu hapa Ziwa. Mzungu huyo alikuwa na ndugu Molo, mwenye shamba la pareto, na ndugu akaomba dereva. Kipkorir akapelekwa kama jembe la kuazimwa, akakaa miaka mitatu, akirudi nyumbani Krismasi tu. Alikuwa amesoma kidogo kwa wamisionari, basi aliniandikia kwa Kiswahili. Mimi sikujua kusoma. Nikipata barua niliipeleka kwa mke wa karani, Nasike, ambaye alikuwa amesoma kwao Kimilili. Kila mwanamke wa kambi ya vibarua alifanya hivyo. Unabeba kopo la maziwa, unakaa juu ya kigoda chake, anakusomea, kisha unamwambia maneno ya kujibu naye anayaandika. Hakuwahi kudai hata hayo maziwa. Na hakuwahi kutoa nje siri ya mtu, nalo hilo si jambo dogo kambini.

Alisoma kwa sauti ya chini, polepole. Barua zilikuwa za ndama, za mbegu, za nani asalimiwe. Lakini kila moja, karibu na mwisho, ilikuwa na neno langu. Nakumbuka moja: "Mvua ikinyesha huku usiku najiuliza kama paa la jikoni linavuja, na ungekuwa karibu ningekufunika na koti langu." Nilitembea kwenda nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai.

Kipkorir alifariki mwaka wa sabini na sita. Miaka minne baadaye serikali ikaleta masomo ya watu wazima, ngumbaru, na mimi nikawa wa kwanza kuandikishwa hapa Ziwa. Watu walidhani nataka kusoma Biblia. Nilitaka kusoma barua zangu. Siku nilipoweza, nilifungua mkebe, nikaketi mlangoni, nikasoma zote kumi na moja. Nikasoma tena. Mara ya tatu nilifuata kila mstari kwa kidole.

Koti halikuwemo. Paa halikuwemo. Kulikuwa na ndama, mbegu, na nani asalimiwe, na chini, "Ni mimi mume wako Kipkorir." Basi.

Sikumwambia mtu. Niliufunga mkebe. Lakini tangu siku hiyo, kila nikikutana na Nasike sokoni mjini, tukisalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto, ndani yangu kitu kilikuwa kinauma. Kwa nini aliweka maneno kinywani mwa mume wangu? Na aliyatoa wapi? Mtu hawezi kusema habari ya koti la mwanamume asipokuwa amelitazama. Nilikuwa nalala nikihesabu ni mara ngapi Kipkorir aliingia stoo ya karani. Niliona haya kuhesabu, na nilihesabu.

Sasa mwanamke huyo huyo alikuwa amechukua na mjukuu.

Jumatatu nilishusha mkebe. Barua zilikuwa katika hali mbaya. Panya walikuwa wamekula pembe, moshi umezifanya kahawia, mbili zimeshikana. Nikafikiria faili la Nasike na nailoni yake. Nikaona aibu mapema, kama mtu anayejua wageni wanakuja na hana kiti.

Mwalimu wetu wa ngumbaru, Kavetsa, alikuwa na utaratibu wake. Kwanza uandike kazi chafu. Kisha uinakili safi katika daftari jipya. Kisha kazi chafu uitie jikoni. "Msije mkanichanganyia," alikuwa akisema, "nikasahihisha karatasi ambayo si yenyewe." Tulikuwa wanawake kumi na tisa na wazee wawili, na wote tulifanya hivyo kwa miaka miwili, tukiwasha moto kwa insha zetu. Kwa hiyo nilinunua daftari jipya pale dukani kwa Kiprotich, na kila siku nikimaliza kukamua nilinakili barua mbili au tatu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa.

Barua ya kwanza niliinakili kama ilivyo. Nikaisoma. Ilikuwa habari ya ndama mwenye kuhara, mwanzo mpaka mwisho. Nikajiuliza, mtoto ataona nini hapa? Ataona kwamba nyanya yake aliolewa na mtu aliyependa ndama. Nasike ana picha, wanawake wanacheka mbele ya stoo. Mimi nina ndama.

Nikaongeza mstari wa koti.

Uliingia vizuri tu, kama ulikuwa na nafasi yake. Kwenye ya pili nikaongeza mwingine niliokuwa naukumbuka. Nilipofika ya tano sikujiuliza tena. Nilikuwa naandika nilivyosikia nikiwa juu ya kigoda, mwaka ule, na tumbo la mtoto wa tatu. Na nilipomaliza zote, Ijumaa, nikafanya kama tulivyofundishwa. Zile za zamani zilishika moto mara moja, zilivyokuwa kavu. Nikachemsha chai.

Jumamosi Chelimo alifika saa nne asubuhi, na njaa yake. Hakuwa amepitia kokote. Alikula kila kitu, akanawa mikono mara mbili na kuikausha vizuri kabla ya kushika daftari. Nilipenda hivyo. Akasoma kimya. Mimi nilijifanya nachambua maharagwe.

Alipofika barua ya saba akasoma kwa sauti: "'Usibebe mitungi miwili kwa siku moja, Jepkosgei. Mgongo wako ni wangu pia.'" Akaweka kiganja kifuani. "Kogo. Babu alikuwa hivi? Baba alisema alikuwa mtu wa kunyamaza."

"Alinyamaza kwa watu," nikasema.

"Dakta atalia. Nakwambia, atalia na miwani yake." Akafunga daftari, akalibusu. "Haya, sasa nipe zenyewe."

"Ndizo hizo."

"Hapana, hii ni wewe umenakili, na umenakili vizuri sana. Nataka zile za babu."

"Nilizinakili zote. Hakuna iliyobaki."

"Ndiyo, Kogo. Sasa za mkono wake ziko wapi?"

"Si nilishamaliza kuzinakili? Nilizitia jikoni."

Alitazama jiko, kisha mimi, kisha jiko. Kuku mmoja aliingia, akazunguka, akatoka.

"Zote?"

"Kavetsa alitufundisha hivyo. Kazi chafu inachomwa."

"Zile hazikuwa kazi chafu, Kogo," akasema kwa sauti ndogo. "Zile ndizo zilikuwa zenyewe."

Mtu mwingine angenipigia kelele. Chelimo alichukua kikombe, akanywa chai yote mpaka tone la mwisho, maana alijua nimeipika kwa ajili yake. Nilitamani anipigie kelele. Nilianza kuelewa nilichofanya, na si kwa kazi ya Dakta tu. Mkono wa Kipkorir, ile K yake yenye mguu mrefu, sitauona tena.

Chelimo akakiweka kikombe chini, akasema, "Kuna njia. Dakta anakubali nakala kama kuna mtu mwingine aliyeona ile ya asili, na akasema nakala ni sawa. Shahidi. Nani mwingine aliziona? Kuna mtu alikusomea?"

Nikaendelea na maharagwe.

"Kogo?"

"Nasike," nikasema. "Alizisoma zote."

Akaruka juu kwa furaha. "Kukhu! Basi tumepona! Twende kwake Jumatano!"

Nilikuwa nimetaka kumshinda Nasike, na sasa nilikuwa naenda kwake na daftari mkononi, kumwomba aseme ndiyo. Na yeye ndiye mtu mmoja duniani aliyejua mistari ile ilikotoka.

Jumatano nilipanda lori la maziwa mpaka mjini, mbele, maana dereva huniwekea nafasi kwa sababu ya magoti yangu. Chelimo alinipokea tukatembea mpaka Munyaka. Nyumba ya Nasike ni ndogo, safi, yenye vitambaa vya kufuma kwenye kila kiti. Alitoka mlangoni na sindano zake za kufuma bado mkononi.

"Mama Joseph! Leo jua limetokea wapi? Nilidhani Munyaka umeiapia."

"Magoti, Mama Kituyi."

"Magoti hayajakuzuia kufika sokoni kila Alhamisi. Ingia. Kaa hapo, hicho ndicho kiti kisichoyumba."

Kumbe kilikuwa kiti chake mwenyewe. Aliketi juu ya stuli. Nikaona hilo, likaniongezea uchungu badala ya kunipunguzia. Kikapu chake cha nyuzi kilikuwa karibu na mguu wa Chelimo, na Chelimo alikisogeza bila kutazama, kama mtu wa nyumbani.

"Kukhu, usicheke," Chelimo akasema. "Kogo amenakili barua za babu za kutoka Molo, na zile za asili... zimepotea."

Zimepotea, alisema. Hakusema nyanya yangu alizichoma.

"Sasa nitakusomea, wewe uniambie kama ndivyo zilivyokuwa. Wewe ulizisoma."

"Miaka thelathini na kitu, mwanangu."

"Jaribu tu."

Akasoma ya kwanza. Ndama, dawa ya ndama, salamu kwa mzee wa kanisa. Nasike alikuwa anafuma, kichwa kinakubali. Kisha Chelimo akafika kwenye paa la jikoni na koti.

Sindano zikasimama.

Nasike hakumtazama Chelimo. Alinitazama mimi. Hakuwa amekasirika. Alinitazama kama mtu aliyeona nguo yake ya zamani imevaliwa na mtu mwingine njiani, na bado inampendeza. Nikakodolea macho kitambaa cha kiti.

"Endelea," akasema.

Chelimo akasoma ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mstari ulipofika, sindano zilisimama, kisha zikaendelea. Alipomaliza barua ya sita akauliza, penseli tayari, "Ndivyo zilivyokuwa, Kukhu?"

Nasike alivuta uzi kikapuni. Nilisikia saa ya ukutani.

"Ndivyo nilivyomsomea Mama Joseph," Nasike akasema. "Neno kwa neno."

"Asante, Kukhu!" Na Chelimo akaanza kuandika tarehe.

Ingekuwa imeisha hapo. Ningerudi Ziwa na lori la jioni nikiwa nimeshinda. Barua zangu zingekaa mbele ya daftari la posho, na jina langu mbele ya la Nasike, na hakuna ambaye angejua. Isipokuwa yeye. Angekaa hapo juu ya stuli yake akijua, na hangesema kamwe, kama ambavyo hakuwahi kusema siri ya mtu kambini. Alikuwa amenipa mistari ile mara ya kwanza nikiwa kijana, na sasa alikuwa ananipa mara ya pili, mbele ya mtoto niliyekuja kumnyang'anya. Sikuweza. Sitasema ilikuwa wema. Nadhani sikuvumilia kupewa na yeye tena.

"Acha kuandika," nikamwambia Chelimo. "Maneno ya koti si ya babu yako."

"Nini?"

"Hayakuwa kwenye karatasi. Nilisoma mwenyewe nilipojua kusoma. Hayakuwemo. Ni ya huyu."

"Mama Joseph, acha," Nasike akasema.

"Siachi. Niambie leo, mbele ya mtoto. Kwa nini? Ulikuwa unamwangalia Kipkorir?"

Chelimo alifunga mdomo kwa mkono. Nasike akacheka. Alicheka mpaka akaweka nyuzi chini.

"Kipkorir? Yule mrefu wa kunuka dizeli? Mama Joseph, mimi nilikuwa na karani wangu anayenuka sabuni!" Akafuta macho. Kisha akatulia. "Ulikuja na barua ya kwanza, na tumbo lako, na maziwa. Umetembea kutoka mwisho wa kambi. Nikakusomea yote. Ndama, ndama, ndama. Nikamaliza. Na wewe hukuinuka. Ulikuwa bado unatazama mdomo wangu, unangoja. Sasa ningefanyaje?"

Akaziokota nyuzi zake.

"Nikaongeza kidogo. Ukaenda nyumbani unatabasamu. Ya pili ilipokuja ningewezaje kuacha? Ungedhani amepata mwingine."

"Na majibu?" nikauliza. "Niliyokuwa nakwambia umwandikie?"

"Ulikuwa unaniambia ng'ombe amezaa. Niliandika ng'ombe amezaa." Akatazama nyuzi zake. "Na niliongeza kidogo huko pia. Yeye naye ni mtu."

Basi ndipo wivu uliponipanda kabisa, mpaka masikioni. Miaka mitatu mume wangu alipokea maneno matamu kutoka kwangu ambayo sikuyasema, na mimi nikayapokea kutoka kwake ambayo hakuyaandika, na katikati amekaa mke wa karani na kalamu yake, anatuoza kwa kila barua. Na zile Krismasi alizokuja, alipokuwa mpole hivyo, ananitazama kama ananijua upya, alikuwa anamtazama nani?

"Krismasi moja alikuja kuniuliza," Nasike akasema, kama amesikia. "Aliniuliza, 'Mke wangu kweli anasema hivi?' Nikamwambia anasema zaidi, ila karatasi ni ndogo."

Chelimo alikuwa anaandika kwa kasi, ulimi nje.

"Unaandika nini wewe?" nikamwambia.

"Yote! Kogo, hii hakuna mtu amewahi kumletea Dakta. Msomaji wa barua wa kambi. Hii ndiyo kazi yangu sasa. Lakini lazima nijue ni mstari gani wa nani. Kaeni hapa mezani wote wawili. Chukueni penseli. Kila mstari ambao haukuwa kwenye karatasi, pigeni mstari chini yake."

Tukakaa bega kwa bega kama mabinti wa shule, tukibishana. Huu ni wako. Wangu, ndiyo. Huu? Huo ni wa Kipkorir, alisema habari ya viatu kweli. Hapana, viatu ni vyako, Mama Kituyi. Aa, wewe kumbuka vizuri. Tukafika barua ya saba, mitungi na mgongo.

Nikapiga mstari chini yake. "Huu wako."

Nasike akasoma, akasoma tena. "Huu siujui."

"Umesahau."

"Mengine yote sijasahau, nisahau huu, ulio mzuri kuliko yote? Sikuusema kamwe. Mimi sikujua unabeba mitungi miwili."

"Kwenye karatasi haukuwemo, hilo nina hakika."

Chelimo akatutazama, mmoja kisha mwingine. "Kama si wa babu, na si wa Kukhu..."

Nilihisi uso wangu unapata moto. Nilikuwa nimeuandika wiki iliyopita, juu ya meza yangu, nikidhani nakumbuka.

"Ni wangu," nikasema. "Nimeuandika Alhamisi."

Nasike akanipiga paja. "Ona huyu! Miaka yote nahangaika kumtungia maneno, kumbe anayo!"

"Ni mzuri sana, Kogo," Chelimo akasema, na akaukata kwa penseli, taratibu, ili asitoboe karatasi. "Lakini siwezi kuuweka. Si wa wakati ule. Ni wa Alhamisi."

Tukacheka wote, nami nilicheka, ingawa niliona jinsi penseli ilivyopita. Kisha nikauliza lile lililonileta, maana sikuweza kurudi Ziwa nalo.

"Ukurasa wa mbele utamweka nani?"

Alisita. Hajui kudanganya, hilo nilimfunza mwenyewe. "Kukhu, Kogo. Ana vitu vyenyewe. Na sasa ana hii pia."

"Vizuri," nikasema. Haikuwa vizuri.

"Lakini sijamaliza na wewe." Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu juu, lote, Jepkosgei, kwa herufi kubwa. "Niliharakia karatasi, sikukuuliza lolote. Nitaenda kwa Dakta nimwambie kwamba bila mtu wa kueleza, karatasi hizi hazisemi kitu. Mwaka hamsini na nne, asubuhi unaamka, unafanya nini kwanza?"

Nikafungua mdomo. Nikamwona Nasike bado amekaa pale, mikono juu ya meza, yuko tayari kunisaidia kukumbuka. Nami nikajua akisaidia hata neno moja, ataeleza vizuri kuliko mimi.

"Mama Kituyi," nikasema, "chai hatupati?"

Alinitazama kidogo. Akainuka, akachukua sufuria, akatoka nyuma na kufunga mlango. Nilimsikia akiweka maji, akiwasha jiko, akipanga vikombe, kisha nikamsikia amesimama tu. Nilieleza asubuhi, maji, kuni, baridi ya Julai na mtoto mgongoni, Chelimo akaandika kurasa nne, na chai ya vikombe vitatu haichukui muda wote huo.